Tunachokosa Si Neno

Leo naomba nisilete shairi. Naleta daftari.

Ni daftari la hisabati la binti wa jirani yangu hapa Sanawari, ambaye mwaka jana alikuwa kidato cha tatu. Jioni moja alikuja kwangu kwa sababu alisikia kwamba mimi hushinda na vitabu, na kwa mtoto wa miaka 16 kitabu ni kitabu, kiwe cha tenzi au cha aljebra. Aliniamkia, nikaitikia, akaketi, akafungua ukurasa wenye kichwa kilichopigiwa mistari miwili kwa wino mwekundu. Mada ilikuwa fanksheni. Chini ya kichwa kulikuwa na fasili ya Kiingereza, sentensi moja ndefu, imenakiliwa kutoka ubaoni bila kukosa hata nukta. Nikamwomba anisomee. Hakusoma. Alifumba macho, akaighani yote kwa pumzi moja. Nikamwuliza maana yake nini. Alifumbua macho, akanitazama kama mtu aliyeulizwa maana ya mlio wa kengele.

"Babu, hiyo haina maana," alisema. "Hiyo ni ya kukariri."

Nikalifunika daftari. Mama yake huuza ndizi katika soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, na binti humsaidia anapokuwa likizo. Nikamwuliza mkungu mmoja wa ndizi mama huuuza kwa bei gani. Akacheka. Akasema inategemea anayeulizia ni nani. Akija jirani ni bei moja, akija mwenye hoteli ni bei nyingine, na akishuka mtu kutoka gari la watalii ni bei ya tatu, na mkungu ni uleule.

"Basi nikikutajia mkungu peke yake, unaweza kunitajia bei?"

"Siwezi, babu. Mpaka unitajie na mnunuzi."

"Na nikikutajia vyote viwili, mkungu na mnunuzi?"

"Hapo naweza. Bei itakuwa moja."

Nikamwambia kwamba ameshaijibu mada nzima. Fanksheni ni kanuni inayokipa kila kilichomo katika kundi la kwanza kitu kimoja, na kimoja tu, katika kundi la pili. Kwa hiyo bei ya Tengeru si fanksheni ya mkungu, maana mkungu mmoja una bei tatu. Ni fanksheni ya mkungu na mnunuzi kwa pamoja. Alinyamaza kidogo, akalifungua daftari, akaitazama tena ile sentensi ya Kiingereza. "Kumbe ndiyo hiyo tu," alisema.

Wiki mbili baadaye walipewa jaribio. Swali moja liliweka jozi tatu, (1, 3), (2, 5) na (2, 7), likamtaka mwanafunzi aseme kama uhusiano huo ni fanksheni, na atoe sababu. Aliandika: "Hapana, kwa sababu 2 imepewa majibu mawili." Ni jibu sahihi, na sababu yake ni sahihi na timilifu, hata profesa asingekuwa na la kuongeza. Alipata sifuri. Pembeni, kwa wino uleule mwekundu, palikuwa na neno la kumkumbusha lugha ya shule. Jirani yake wa dawati, aliyeinakili ile sentensi ya kukariri bila kuihusisha na namba yoyote katika swali, alipata alama mbili.

Shule siitaji, na mwalimu simlaumu, kwa sababu alifuata alichoagizwa. Ila hasira yangu sitaificha. Tumefika mahali ambapo kuelewa kunapewa sifuri na kukariri kunapewa alama, nasi wenye lugha, tunaojiita walezi wa Kiswahili, tumekaa barazani tukibishana kuhusu neno.

Naam, kuhusu neno. Tangu niwaambie wenzangu wa chama chetu kidogo cha washairi kisa hiki, sijasikia hata mmoja akiuliza mtoto anaendeleaje. Wote wameniuliza: "Lakini hiyo fanksheni kwa Kiswahili ni nini?" Nao wamegawanyika kama ilivyo desturi. Mmoja anataka neno la Kibantu safi, mwingine anataka tuazime Kiarabu, wa tatu anasema tungoje istilahi isanifishwe. Wakati huohuo, upande wa pili wa barabara, wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba hisabati ya sekondari, na ushahidi wao ni huohuo: neno halipo. Makundi haya mawili hujidhani ni mahasimu. Mimi nayaona ni ndugu wa tumbo moja, kwani yote mawili yanaamini kwamba dhana hukaa ndani ya nomino.

Haikai humo. Tazameni asili ya neno lenyewe. Leibniz alianza kulitumia katika hisabati mwishoni mwa karne ya 17, akilitoa katika Kilatini, ambako lilimaanisha utekelezaji wa wajibu. Maana hiyo haina uhusiano wowote na jozi za namba. Ilimpasa Euler, katika miaka ya 1730, abuni uandishi wa herufi f na mabano ndipo jambo lianze kushikika, na hata hapo wanahisabati waliendelea kudhani kwamba fanksheni ni lazima iwe mlinganyo. Mwaka 1837 ndipo Dirichlet alipolisema kwa uwazi tunaoutumia leo: mlinganyo si lazima; yatosha kila thamani ya x ipate thamani moja ya y. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Neno lilikuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya sentensi iliyolifafanua sawasawa. Kilichohitaji akili ni sentensi.

Wachina walipotaka dhana hii hawakujifunza Kilatini. Mwaka 1859 Li Shanlan, akishirikiana na mmisionari Mwingereza Alexander Wylie, alitafsiri vitabu vya aljebra na kalkulasi, akaunda neno kutokana na herufi mbili zenye maana ya kujumuisha na namba. Waarabu huiita dālla, yaani chenye kuonyesha au kuelekeza, kutokana na mzizi uleule uliotupa sisi neno "dalili". Nalitaja hili kwa sababu najua wapo wasomaji wa ukurasa huu watakaolifurahia, lakini nawaomba wasikimbilie kuniandikia kwamba tuiite fanksheni "dalili". Dalili tunayo tayari. Ni homa na mawingu.

Lililo baya zaidi ni pendekezo linaloenea siku hizi kupitia programu za kutafsiri, ambazo huita fanksheni "kazi". Nimeona kurasa nzima zikisema "kazi ya x" na "kazi zinazoongezeka". Hapo mtafsiri amerudi kwenye Kilatini cha Leibniz akalitafsiri kosa la zamani kwa uaminifu mkubwa. Aidha, "kazi" imeshaajiriwa katika fizikia: ni kani mara umbali, na hupimwa kwa jouli. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akisoma masomo yote mawili siku moja atadhani mkungu wa ndizi unasukuma kitu. Programu hizohizo hutafsiri sifa ya mmoja kwa mmoja kuwa "moja kwa moja", ambayo kwa Mswahili yeyote ni kwenda bila kukata kona. Mtu anayesema "moja kwa moja mpaka Usa River" hajatamka neno lolote kuhusu seti.

Kwa hiyo mimi nasema "fanksheni", kama tunavyosema shule, baiskeli na fomula, na silioni kuwa ni aibu. Siku likipatikana neno bora nitalipokea kwa furaha. Ninachokataa ni kusimamisha darasa kulingoja.

Na darasa halikusimama hapo zamani. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huu Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari, kwa Kiswahili. "Ujamaa" lilikuwa neno la undugu wa nyumbani. Likabebeshwa nadharia nzima ya uchumi, na wakulima wakaijadili, wengine wakaikubali na wengine wakaichukia, lakini hakuna aliyesema haeleweki kwa sababu istilahi haijasanifishwa. Mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Hisabati ya msingi ikageuka ya Kiswahili. Pembetatu, mstatili, msambamba, kipenyo, mzingo, kipeuo cha pili, kigawe kidogo cha shirika: maneno haya hayakushuka kutoka mbinguni. Watu waliyaunda mezani, nayo pengine yalichekwa, kisha watoto wakayasema kwa miaka michache yakawa hai. Leo mtoto wa darasa la sita Ngaramtoni hutamka "kigawe kidogo cha shirika" bila kusita, kisha anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa avue maneno hayo yote mlangoni.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza ifikapo 1985. Halikufanyika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikachapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, kazi ya uvumilivu mkubwa, nayo ikabaki kwenye rafu ikisubiri darasa lililokuwa limekwisha kuahirishwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua mlango tena, na bado mlangoni hapaingii mtu. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Mtu anaweza kushtakiwa, kutetewa na kuhukumiwa kwa Kiswahili. Hawezi kueleza kwa Kiswahili kwa nini 2 haiwezi kupata majibu mawili.

Turudi kwenye dhana yenyewe, maana madai yangu hayatakuwa na uzito nisipoonyesha kwamba lugha hii inaibeba. Nami sitakwenda mbali na nyumbani.

Simameni chini ya Mnara wa Saa, katikati ya jiji. Mshale mfupi uko kwenye 9. Kila mpita njia anaona tisa na anasema "saa tatu". Hajikwai. Jicho limepokea namba moja, mdomo umetoa nyingine, na katikati pamepita fanksheni: ongeza sita, na ikizidi kumi na mbili, ondoa kumi na mbili. Kila saa ya Kizungu ina saa moja tu ya Kiswahili. Hakuna saa mbili za Kizungu zinazogongana kwenye saa moja ya Kiswahili. Hiyo ndiyo sifa ya mmoja kwa mmoja. Kwa sababu hiyo tunaweza kurudi nyuma: mgeni akiambiwa "saa tatu" naye anaongeza sita, anapata tisa. Na hapa pana uzuri ambao sijauona umeandikwa katika kitabu chochote cha shule nilichopata kukishika: kanuni ya kwenda na kanuni ya kurudi ni ileile. Fanksheni hii ni kinyume cha nafsi yake. Ukiitumia mara mbili umerudi ulikoanzia. Wanafunzi wa Ulaya hungoja mifano ya kubuniwa ili wafundishwe jambo hili. Mtoto wa Arusha analifanya kila anapoulizwa saa ngapi, na shule haijawahi kumwambia.

Mfano wa pili unatazama kaskazini. Mwongoza watalii anapanda Mlima Meru kutoka lango la Momella, kwenye mita 1,500 hivi. Analala Miriakamba, kwenye mita 2,500 hivi, kesho yake analala kibanda cha tandiko la mlima, kwenye mita 3,570, usiku anapanda kileleni, zaidi ya mita 4,500, kisha anashuka. Kimo chake ni fanksheni ya wakati, kwani kila dakika ya safari ina kimo kimoja, na hakuna mtu anayeweza kuwa mahali pawili kwa dakika moja. Geuza sasa. Je, wakati ni fanksheni ya kimo? Mwulize: "Ulikuwa kimo cha Miriakamba saa ngapi?" Naye atakuuliza: "Wakati wa kupanda au wa kushuka?" Swali lake hilo ndilo jibu la kihisabati. Kimo kimoja kina nyakati mbili, kwa hiyo hakuna kurudi. Kitabu cha kidato cha tatu kinafundisha jambo hili kwa kumwambia mwanafunzi apige mstari wa wima kwenye grafu na mwingine wa mlalo, na wengi hupiga mistari hiyo bila kujua wanatafuta nini. Wanatafuta swali la yule mwongoza watalii.

Njiani hiyohiyo joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, hiyo ni fanksheni inayoshuka, na barabarani chini nauli ya daladala kutoka Kilombero hupanda kwa kuruka, kituo hadi kituo, hiyo ni fanksheni ya ngazi. Sitakaa hapo. Nataka kufika nyumbani kwetu hasa, kwenye sarufi.

Chukueni nomino zote za Kiswahili katika umoja wake. Kila nomino ina ngeli yake, na kila ngeli ina kiambishi chake cha upatanisho. "Kiti" huenda KI-VI, na KI-VI hutoa "ki": kiti kimevunjika. "Mti" huenda U-I, na U-I hutoa "u". "Ukuta" huenda U-ZI, na U-ZI nayo hutoa "u". Hizi ni fanksheni mbili zilizounganishwa, ya pili ikipokea kilichotolewa na ya kwanza. Na ya pili si ya mmoja kwa mmoja, kwani ngeli mbili zimegongana kwenye "u". Ndiyo maana ukiwa chumba cha pili ukasikia mtu akisema "umeanguka!", hujui kama ni mti au ukuta, inakubidi utoke ukaone. Habari imepotea njiani wala hairudishwi. Kila fanksheni ya wengi kwa mmoja hupoteza habari namna hiyo.

Kisha mlete mgeni anayejifunza lugha yetu. Kosa lake la kwanza ni lipi? Anatazama silabi ya mwanzo ya nomino na kudhani upatanisho hutoka hapo. Anasema "kijana kimefika". Tunacheka, tunamsahihisha, lakini hatumwambii kosa lake ni la namna gani. Kosa lake ni la hisabati. Silabi "ki" peke yake ina majibu mawili, "ki" kwa kiti na "a" kwa kijana, kwa hiyo upatanisho si fanksheni ya silabi ya mwanzo. Ni kama mkungu bila mnunuzi. Na hata neno zima halitoshi kila mara: kiboko ameingia mtoni, kiboko kimekatika. Herufi ni zilezile sita, majibu mawili. Hapo pembejeo lazima iwe neno pamoja na maana yake. Wanaisimu wetu wamejaza majarida kwa mijadala ya ngeli ya "rafiki" na ngeli ya "ndege", na ningethubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya mabishano hayo ingeisha mchana mmoja kama kila upande ungetaja kwanza fanksheni yake inapokea nini.

Washairi nao hawasalimiki. Kuhesabu mizani ni fanksheni kutoka mishororo kwenda namba. Kila mshororo una hesabu moja. Mishororo isiyo na idadi hugongana kwenye 16, na ndiyo maana anayejua mizani peke yake hawezi kukurudishia ubeti. Lakini hesabu hiyo ni fanksheni pale tu tunapokubaliana silabi ni nini: kwamba "mtu" ni mizani mbili kwa sababu "m" inasimama peke yake, na kwamba "mwana" pia ni mbili, si tatu. Waamuzi wawili wakitoa hesabu tofauti kwa mshororo uleule, hakuna kanuni tena, pana majibu mawili tu. Tumewahi kuvunja mashindano kwa ajili hiyo, na siwataji waliohusika kwa kuwa mmoja wao ni mimi.

Kwa hiyo naomba nisiambiwe tena kwamba lugha hii haiwezi. Imekuwa ikiweza kabla ya Dirichlet kuzaliwa. Tazama vijineno vyake: kila, kimoja, tu, chochote, wala. Fasili ya fanksheni haihitaji zaidi ya hivyo, na mtoto wa miaka mitano anavyo vyote, maana ndivyo anavyotumia kudai kipande chake cha muwa.

Wapo wanaonijibu kwamba dunia inasema Kiingereza. Nakubali. Fundisheni Kiingereza, tena vizuri zaidi ya sasa, kikiwa somo lenye mwalimu anayekijua. Lakini mwanafunzi anayejifunza fanksheni kwa lugha asiyoielewa hatoki na Kiingereza wala hatoki na fanksheni. Anatoka na wimbo. Hisabati ndiyo somo ambalo watahiniwa wengi wa kidato cha nne hushindwa mwaka baada ya mwaka, nasi kila mwaka tunaambiwa watoto hawapendi namba. Mtoto wa mama wa Tengeru hurudisha chenji ya wateja watano kwa wakati mmoja bila kalamu. Mapenzi yapi zaidi ya hayo?

Hoja moja tu ya wapinzani ndiyo hunikalisha kitako, nayo ni ya gharama. Vitabu vya kidato cha kwanza hadi cha sita, walimu wa kufundishwa upya, mitihani ya kutungwa upya: hili ni zigo, na anayesema ni jepesi hajawahi kuchapisha hata diwani ya kurasa 60. Silijibu kwa maneno matamu. Nasema tu kwamba yako mambo yasiyogharimu shilingi. Kumruhusu mwanafunzi aeleze sababu kwa Kiswahili katika jaribio la darasani hakuhitaji kitabu kipya. Kunahitaji mtu mwenye mamlaka aseme: jibu sahihi ni sahihi.

Na lipo lisilohitaji hata mamlaka, hili linatuhusu sisi. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO imekipa Kiswahili, tunaandika mashairi ya kukisifu. Nimeandika matatu. Tunakiita bahari, tunakiita dhahabu, tunakiita titi la mama, kisha Jumatatu tunawapeleka wajukuu zetu shule za Kiingereza za Njiro na kuwaachia watoto wa majirani daftari la nyimbo. Miongoni mwetu wamo walimu wastaafu wa hisabati, wamo wahasibu, yumo mhandisi mmoja ambaye beti zake nazihusudu. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru, mwendo mfupi kutoka lile soko la ndizi. Ni nani kati yetu aliyewahi kuandika ukurasa mmoja, mmoja tu, wa hisabati ya kidato cha tatu kwa Kiswahili kizuri, wenye mifano iliyofanywa hadi mwisho? Tumeandika kuhusu uwezo wa lugha. Kuutumia tumewaachia wengine, na wengine hao hawapo.

Mimi nimeanza, nikiwa nimechelewa. Ukurasa wa kwanza unaanza chini ya Mnara wa Saa, wa pili uko Momella, wa tatu ni wa kiti na kijana. Nimempa binti asome kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jambo. Alirudi baada ya siku mbili, shikamoo mkononi na kalamu mfukoni. Nilikuwa nimeandika, kwa fahari isiyo ndogo, "uhusiano wa mmoja kwa mmoja ni ule ambao elementi mbili tofauti za seti ya kuanzia haziwezi kuhusishwa na elementi ileile ya seti ya kufikia." Alikuwa ameikata kwa mstari mmoja.

"Babu, hii nayo ni ya kukariri," alisema.

Juu yake alikuwa ameandika: "Hakuna wawili wanaogongana kwenye jibu moja."

Nimeiacha kama alivyoiandika.